Waraka kwa Mheshimiwa Mwenye Funguo

Mheshimiwa,

Ikiwa waraka huu umekukuta na mgeni, tafadhali mwache kwanza amalize chai yake. Jambo ninalokuandikia limesubiri tangu 2010, nalo halitachacha kwa kungoja nusu saa zaidi. Jina lako sitalitaja. Kiti chako cha kusimamia makazi kimekaliwa na wengi, ahadi ikabaki ileile, na si haki kumbebesha mmoja mzigo ambao watangulizi wake waliupokezana kwa adabu kubwa hivyo.

Nianze kwa shukrani. Katika ofisi zote za Jamhuri yetu, yako ndiyo inayotutunzia matumaini vizuri zaidi, maana hayajawahi kutumika yakaisha. Unaikumbuka, bila shaka, Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, pale palipoandikwa kwamba kila mtu ana haki ya makao yanayofikika na ya kutosha. Walioandika walisema kila mtu. Hawakusema kila mwenye mshahara, wala kila mwenye akaunti ya benki. Naamini nakala unayo, na kwamba haiko chini ya rundo.

Unakumbuka pia Desemba 2017, ulipotangazwa mpango wa serikali ulioitwa Ajenda Nne Kuu tukaahidiwa nyumba 500,000 kufikia 2022. Nilifurahi pamoja na wenzangu. Mradi wa kwanza ukainuka Park Road, Ngara, nyumba 1,370, majengo ya kupendeza kweli. Hata kijana anayepita na gunia lake la chupa za plastiki husimama kidogo akayatazama kabla mlinzi hajamwonyesha njia. 2022 ikafika, nusu milioni haikufika nayo. Hapo nikaiona hekima ya ofisi yako. Badala ya kutuchosha kwa maelezo ya zilikoishia nyumba za kwanza, ilituletea hesabu mpya, nyumba 200,000 kila mwaka, nasi tukaanza kuhesabu tena kutoka moja.

Tangu Julai 2023 nimekuwa nikikatwa asilimia 1.5 ya mshahara wangu kwa tozo ya nyumba, na mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sinung'uniki. Kumchangia asiye na paa ni jambo ambalo wazee wetu walilifanya bila kudai risiti. Mahakama Kuu ilipotamka, tarehe 28 Novemba 2023, kwamba tozo hiyo ilikiuka Katiba, hukukata tamaa hata kidogo. Tarehe 19 Machi 2024 sheria nyingine ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi, makato yakaendelea. Haikufika miezi minne! Nimewaambia majirani kwamba siku kasi hiyo itakapoelekezwa kwenye matofali, hatutapata nafasi hata ya kufungasha. Baadaye ikaripotiwa kwamba mabilioni ya tozo, yakingoja kazi, yalikuwa yamewekezwa katika hati za Hazina ya serikali. Hilo pia nililipokea vyema, kwa maana angalau shilingi zetu zilikuwa zimepata makazi.

Sheria yenyewe nimeisoma na nimependa upana wake. Anayepata chini ya Sh20,000 kwa mwezi ametengewa nyumba za kijamii. Wa kuanzia Sh20,000 hadi Sh149,000 ana zake. Naye anayezidi Sh149,000, ambaye sikuwa na habari kwamba anateseka, hakusahauliwa. Kwa hiyo anayelala kwenye baraza za maduka ya River Road yumo ndani ya sheria, kundi la kwanza kabisa, nakushukuru kwa niaba yake. Shida ndogo iko langoni. Kujiandikisha kunataka kitambulisho, nambari ya mlipa ushuru na simu. Kitambulisho cha mtu anayelala nje hakikai. Huchukuliwa na mvua, au na wezi, au huteketea pamoja na katoni zake siku askari wa jiji wanapousafisha mtaa kwa ajili ya mgeni fulani. Akitaka kingine ataulizwa anakaa wapi.

Wala usinielewe vibaya ukadhani nasema kwamba watu hawa hawajulikani. Mnawajua. Mwaka 2003 uliundwa mfuko rasmi wa kuwarekebisha na kuwarudisha katika jamii. Mwaka 2018 mliwahesabu nchi nzima mkapata 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi. Mliwafuata vichochoroni, chini ya madaraja, majaani, mkawauliza umri wao na kwao ni wapi. Huo ni ushahidi tosha kwamba mkikusudia kumfikia mtu asiye na anwani, mnamfikia.

Sasa niruhusu, Mheshimiwa, nikueleze namna mtu anavyofika kwenye baraza hizo, kwani nadhani wasaidizi wako hukuletea taarifa zikiwa zimepigwa pasi.

Mtaani kwetu Huruma, mama muuza mboga hupanga chumba cha Sh3,500 kwa mwezi: mabati, pazia la kugawa kitanda na jiko, choo cha ploti nzima mwisho wa ujia. Kodi ni kabla ya tarehe tano. Mwezi wa mtoto kuugua, tarehe tano hupita. Ejenti wa ploti huja mara ya kwanza kwa maneno, ya pili kwa maneno makali, ya tatu huja na kufuli. Halivunji la mama. Huliacha lining'inie pale pale, akapachika lake juu yake, jeusi, kubwa, la aina inayouzwa Gikomba, kisha huandika kwa chaki nambari ya mlango kwenye daftari lake na kuondoka. Ndani kumebaki jiko, godoro, sufuria, na sare za shule. Kesho yake watoto huenda shule na nguo za nyumbani, mwalimu huwarudisha. Mama huomba hifadhi kwa jirani siku mbili, kwa kanisa siku kadhaa. Baada ya hapo jirani huanza kupika kwa kuchelewa, na yeyote aliyelelewa kwetu anajua maana yake.

Tazama hesabu yake vizuri. Huyu mama anaweza kulipa Sh3,500 kila mwezi, amelipa miaka. Asichoweza ni kutoa kwa mkupuo mmoja kodi ya mwezi wa kwanza kwenye ploti nyingine, na dipositi ya mwezi, na dipositi ya stima, na pesa za mkokoteni, huku bado anadaiwa kule vitu vyake vilikofungiwa. Kinachomweka nje ni Sh8,000 au Sh9,000 za siku moja, pamoja na mtu wa kusema kwa mwenye nyumba, "Huyu namjua." Utaniwia radhi kwa kutaja kiasi kidogo hivyo mbele ya ofisi iliyozoea mabilioni.

Ungedhani sheria ingemsaidia dhidi ya kufuli. Iko sheria ya udhibiti wa kodi, na baraza lake la kusikiliza kesi. Sheria hiyo inamlinda mpangaji wa nyumba ambayo kodi yake haizidi Sh2,500. Mama wetu analipa elfu moja zaidi. Ni tajiri mno kulindwa katika chumba cha mabati na ni maskini mno kukabidhiwa ufunguo wako. Mswada wa kurekebisha jambo hilo umewahi kuandikwa, na najua ukipata nafasi baina ya uzinduzi mmoja na mwingine utauliza uliishia rafu ipi.

Hapo ndipo ninapofika kwenye neno unalolipenda, ushirikiano. Kila uzinduzi umetuambia serikali haiwezi peke yake, ni lazima ishirikiane. Kweli tupu. Umeshirikiana na wakandarasi, na mabenki, na wawekezaji wa nje na wa ndani, na wenye viwanda vya saruji na vyuma. Katika meza hiyo ndefu nimemtafuta mwenye ploti wa Huruma, wa Pipeline, wa Kawangware, sikumwona. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba Nairobi kaya tisa kati ya kumi zinaishi kwa kupanga. Wengi wa wenye vyumba hivyo si mabepari. Ni mwalimu mstaafu, ni mjane aliyejenga vyumba sita kwa mkopo wa chama. Mnawajua kwa upande mmoja tu, ule wa ushuru, ambao tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi wanayopokea. Kama barua ya kuwadai inawafikia, ya kuwaalika ingeshindwa na nini?

Chama chetu cha mtaani, ambacho hakina hata muhuri, kilijaribu jambo dogo. Tulimwendea mwenye ploti mmoja tukamwomba dipositi ya mama mmoja igawanywe kidogo kidogo kwa miezi, na kodi itumwe kwenye simu yake kutoka kwa mweka hazina wetu, isipite kwa ejenti. Alikuna kichwa. Alitaka kujua mambo mawili: mama akikwama tutamwarifu kabla ya tarehe tano au baada, na choo kikiharibika tutampigia kelele nani. Tukajibu, tukaandikiana kwenye karatasi ya daftari la shule, mashahidi wakatia sahihi. Mama yupo ndani hadi leo. Hapakuwa na hema wala kikundi cha ngoma, na samahani sana, utepe tulisahau.

Sikuletei jambo geni. Ikiwa safari za kikazi zitakufikisha Helsinki, ulizia taasisi iitwayo Y-Säätiö, ambayo tangu 1985 hununua nyumba ndani ya majengo ya kawaida na kuwapangisha waliokuwa hawana pa kuishi. Ukipitia Houston, waulize walivyokaa na wenye nyumba binafsi wakawahakikishia kodi ili wafungue milango kwa watu waliotoka mitaani. Walianza na vyumba vilivyokuwepo, mnara mpya ukaja baadaye au usije. Lakini hata tiketi ya ndege si lazima. Gari lako likiiacha barabara ya Juja kidogo tu, utafika kijiji cha Kambi Moto.

Pale, mwaka 2003, wakazi waliokuwa katika Muungano wa Wanavijiji walikubaliana na Halmashauri ya Jiji ya wakati huo. Walijihesabu wenyewe, wakajipima wenyewe. Wenye mabanda na wapangaji wao, watu ambao kwa desturi hawaketi benchi moja, wakaafikiana kwamba wote wapate. Kwa kuwa kila familia ilipata kijisehemu cha mita chache tu, waliamua kwenda juu, ghorofa juu ya ghorofa, na vibao vya sakafu, walivyoviita laadi, wakavifyatua kwa mikono yao pale pale uani. Walianza na chumba cha chini, akiba ikiingia wakapandisha. Ngazi zake ni za mwinuko mkali na zitamsumbua mtu wa suti, lakini hakuna aliyehamishwa akaambiwa asubiri mahali pengine.

Kusubiri mahali pengine mna ujuzi nako. Mwaka 2009 wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa Lang'ata kwa muda ili nyumba zao zijengwe. Neno lilikuwa hilo, kwa muda. Nyumba 822 zilikabidhiwa 2016. Mtoto aliyehama akiwa chekechea alirudi akiwa darasa la juu, na sina shaka alijifunza mengi kuhusu muda.

Mambo mengine nitayapitia upesi, nikijua hupendi kukumbushwa yaliyofanyika asubuhi na mapema. Julai 2018 Kibera ilipasuliwa kwa ajili ya barabara na takriban watu 30,000 wakaachwa bila makao. Mei 2020 ilikuwa zamu ya Kariobangi, wakati wa mvua na wa kafyu, siku zilezile tulizokuwa tukiagizwa kubaki nyumbani. Mukuru ndiyo hunitatiza zaidi. Agosti 2017 kaunti iliitangaza kuwa eneo maalum la upangaji. Wakazi, vyuo vikuu na mashirika wakaketi wakachora njia, mifereji, shule, nyumba hadi nyumba. Ulikuwa ushirikiano wa kupigiwa mfano, na umepigiwa mfano katika nchi nyingi. Mwishoni mwa 2021 tingatinga likaingia Mukuru kwa Njenga. Sijui kama dereva wake alipewa nakala ya ramani.

Na baada ya mafuriko ya 2024, waliobomolewa kandokando ya mito kule Mathare na Mukuru waliahidiwa Sh10,000 kila kaya wakatafute kwingine. Niliisifu ahadi hiyo, na sababu utaiona: ni karibu sawasawa na kile kiasi nilichokueleza cha mama wa mboga. Maana yake mnaijua bei ya kumwingiza mtu ndani. Mmekwisha kuipiga hesabu. Mliitaja tu baada ya kuwa mmemtoa.

Nisiwe mchoyo wa fadhila. Mei 2025 mlikabidhi nyumba 1,080 za kwanza Mukuru, na chumba kimoja kikawekewa malipo ya Sh3,900 kwa mwezi. Nilikwenda kuona. Maji yanatoka bombani, choo kiko ndani, na dirisha linafunguka likapitisha hewa. Mwanamke mmoja alikuwa akilifungua na kulifunga bila sababu. Kwa hili nakupa heko bila kukamulia ndimu, isipokuwa nina maswali madogo ya mtu asiye mtaalamu. Katika mradi huo uliopangiwa nyumba zaidi ya 13,000, ni ngapi zimewekwa kando kwa mtu ambaye hana kabisa pa kulala, wala si yule anayetoka banda zuri kidogo kwenda chumba kizuri zaidi? Aliyelala barazani miaka mitano atazungumza na nani wiki ya kwanza, kuta nne zikimtisha? Na mwezi wa mtoto kuugua ukija huko ghorofani, kama unavyokuja kila mahali, mmepanga nini kabla ya kufuli? Maana Sh3,900 za kununua nyumba kwa miaka mingi zinamtaka mtu asiyeyumba hata mwezi mmoja, na mtu wa namna hiyo, Mheshimiwa, si yeye aliyekuwa akilala nje.

Ninaloomba ni dogo kuliko mnara mmoja. Kutoka katika tozo ninayokatwa, tenga fungu la dhamana ya dipositi, linalorudi mpangaji akitulia, likamsaidie mwingine. Andikianeni na wenye ploti kwa mkataba wa kurasa mbili: wao watoe vyumba kadhaa kwa waliokosa makao, nyinyi mhakikishe kodi kwa mwaka wa kwanza na mumlipe mfanyakazi wa jamii atakayepita kila wiki. Nafuu kidogo katika ile asilimia 7.5 ingewaleta mezani haraka kuliko hotuba. Kumtambua asiye na kitambulisho waachieni wanaomjua, yaani vyama, makanisa, misikiti na wazee wa mtaa. Wao hawamsahau mtu kwa sababu karatasi zake zimelowa. Kile kikomo cha Sh2,500 kiondoeni, na mtu asifungiwe sare za watoto kabla ya kusikilizwa.

Wenye ploti walio tayari kuzungumza wapo, nimekwisha kuwasikia wengine mwenyewe. Si wakaidi kama wanavyosemwa. Walipoambiwa kwamba mshirika huenda akawa serikali walinyamaza kidogo, wakatazamana, kisha mzee mmoja mwenye vyumba kumi na viwili akauliza kwa upole kuhusu wakandarasi ambao hadi leo wanazunguka na madeni yao ya serikali kwenye faili. Alitaka kujua, kodi ya wapangaji hao ikichelewa, ejenti wake aende kupachika kufuli mlango upi. Nilimwahidi kwamba nitakuuliza, na jibu lako atalipata kwangu neno kwa neno.

Wasalaam.

Mimi mkatwa tozo wako mtiifu,
Huruma, Nairobi